Nani Aliandika Ile?



Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliniandikia pembeni: "Yaya, ile tovuti yetu ya miche ya kahawa, mwaka jana mtu akitafuta tulikuwa tunatokea wa kwanza. Leo hatuonekane hata ku ukurasa wa tatu. Hatukugusa kitu. Nani ametushusha?" Nilianza kumujibu mu simu, nikaona jibu inakuwa ndefu sana. Njo hii, na wengine musome, juu najua yeye si mutu wa kwanza kuuliza.

Nitaanza na siku moja: tarehe 1/8/2018. Sisi wa huku tunaijua ile siku. Njo siku Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, kule Mangina, mu teritware ya Beni. Siku ileile, kule Marekani, Google ilithibitisha kwamba imebadilisha kwa upana namna yake ya kupanga majibu. Watu wanaofuatilia mambo hayo waliipa ile badiliko jina la "Medic", juu tovuti nyingi zilizopanda ao kushuka zilikuwa za afya. Haya mambo mawili hayana undugu, moja haikuzaa ingine. Lakini mimi nilikutana nayo yote mawili siku chache baadaye, mu jikoni ya mama yangu mukubwa ku Butembo.

Alikuwa anachambua maharagi. Akaniambia bila kuinua macho: "We si ulisoma? Angaliya kwanza mu simu kama hii ugonjwa ni ya kweli." Nikaandika "Ebola Mangina". Majibu yakakuja kwa Kifaransa: OMS ya Geneva, wizara ya Kinshasa, magazeti ya Ulaya. Nikamusomea nikitafsiri polepole, homa, kutapika, kuzika kwa heshima bila kugusa maiti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Nani aliandika ile?"

"Ni OMS, mama."

"OMS njo nani? Anatujuaka?"

Nilicheka. Leo sicheki tena. Ile swali ya mama mukubwa njo swali ambayo Google imekuwa ikijaribu kujibu kwa hesabu tangu 1998, na kila mara inapobadilisha hesabu, kuna watu wanalala wa kwanza na kuamuka wa mia.

Turudi nyuma. Mashine za kutafuta za miaka ya 1990, kama AltaVista, zilitegemea sana maneno yenyewe. Ukurasa wenye neno "gorila" mara hamsini ulionekana mzuri kuliko wenye neno hilo mara tano. Unaona udhaifu: mtu anajisifu mwenyewe na anaaminiwa. Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wawili wa doktora ku chuo cha Stanford, wakaleta wazo lingine. Usiangalie tu ukurasa unasema nini juu yake, angalia kurasa ngapi zingine zinauonyesha kidole, na hizo zinazoonyesha zina heshima gani. Ile hesabu waliiita PageRank, na mwezi wa tisa 1998 wakafungua kampuni.

Kwetu hii haikuwa jambo jipya. Mu baraza ya mwami mtu hajishuhudii mwenyewe. Analeta mashahidi, na mzee mmoja anayeheshimiwa anapita walevi kumi wa kilabuni. PageRank ni baraza tu, lakini ya hesabu.

Sasa, mahali penye mashahidi hapakosi mashahidi wa kununua. Miaka michache baadaye watu walikuwa wanauziana viungo, yaani ile kidole ya kuonyesha. Wengine walikuwa wanaandika maneno meupe juu ya ukurasa mweupe, mtu asione lakini mashine isome. Mwezi wa kumi na moja 2003 Google ikatoa badiliko lililoitwa "Florida". Ilikuwa karibu na Noeli, wakati maduka yanauza sana. Maduka madogo ya mu intaneti yakaanguka kwa ghafla, na kati yao wamo waliosema hawakudanganya kitu. Tangu ile mwaka watu wenye tovuti wanalala na jicho moja wazi.

Hapa mdogo wangu ukamate neno moja. Unasema "hatukugusa kitu", na ni kweli. Lakini nafasi mu majibu si medali ambayo ukishapewa inabaki kwako. Ni mustari, foleni. Wewe unaweza kusimama palepale na foleni ikapangwa upya mbele yako. Google inafanya mabadiliko maelfu kwa mwaka, mengi madogo hata hatuyasikii, na mara chache kwa mwaka inafanya moja kubwa inayotangaza. Hiyo kubwa haichagui mtu wa kuazibu. Inapima wote tena kwa kipimo kingine.

Kuna mara ingine lakini ambapo unashushwa juu ulistahili. Mimi nilistahili, na nitasema hapa hadharani.

Mwaka 2010 gorila yatima wa kituo cha GRACE waliletwa Kasugho. Wamoja walikuja na helikopta ya MONUC. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nilisimama na wenzangu tukiangalia juu na midomo wazi, watoto wanakimbia, wamama wanaacha masoko. Gorila wa Grauer, mnyama ambaye dunia nzima haina mahali pengine pa kumuona mu pori ila huku mashariki ya Congo, alikuwa anashuka kutoka mbinguni mbele ya macho yetu.

Mwaka uliofuata, na rafiki yangu mmoja, tulifungua tovuti juu ya gorila. Tulikuwa tumesikia kwamba matangazo yanalipaka dola. Mutasema: hawa wana bahati, wanaishi kilomita chache kutoka kwa gorila, wataandika walichoona. Wapi! Tulikaa ku cyber moja ya Butembo, saa baada ya saa, tukinakili makala za Kifaransa za watu wengine. Tunabadilisha kichwa, tunageuza sentensi mbili, tunabandika. Kurasa arobaini mu mwezi moja. Juu ya ile helikopta, hata mustari moja hatukuandika. Tuliona haina "kisayansi".

Na ilitembea! Tulifika wageni mia na kitu kwa siku, tukaanza kugawana dola ambazo hazijaingia. Kisha mwezi wa nane 2011 tukarudi ku cyber, wageni kumi na mmoja. Kesho yake tisa. Rafiki yangu alisema mashine ya cyber imeharibika.

Haikuwa mashine. Mwezi wa pili ile mwaka Google ilikuwa imeanza Marekani badiliko lililoitwa Panda (si mnyama, ni jina la injinia wao, Navneet Panda). Lilikuwa linawinda kurasa nyembamba, za kunakili, zilizotengenezwa kwa kushibisha mashine na si kwa kusaidia mtu. Google yenyewe ilisema liligusa 11.8% ya maswali ya watu wa Marekani, na ni nyingi sana. Tarehe 12/8/2011 likatolewa mu luga karibu zote, ila Kichina, Kijapani na Kikorea. Kifaransa chetu cha kuiba kikakamatwa. Tulikuwa mu kundi moja na makampuni makubwa. Demand Media ya Marekani, iliyokuwa inalipa watu wengi kuandika makala za haraka haraka juu ya kila kitu, iliingia ku soko la hisa mwezi wa kwanza ile mwaka, na mwezi wa nne tovuti yake ya eHow ilikuwa inaanguka. Wao walipoteza mamilioni, sisi tulipoteza pesa ya cyber. Lakini zambi ni ileile.

Ya 2012, iliyoitwa Penguin, nitaipita mbio: iliwinda wale wanunuzi wa viungo. Tayari mwaka mmoja mbele yake gazeti la New York Times lilionyesha kwamba duka kubwa la JCPenney lilikuwa linatokea juu kwa ajili ya viungo vingi vilivyowekwa kwa ujanja. Google ikalishusha kwa mkono, na kwa swali moja juu ya masanduku ya safari likatoka nafasi ya 1 mpaka 71 mu masaa mawili. Hata tajiri anashukaka.

Ile iliyogusa maisha yetu kweli ilikuwa ya tarehe 21/4/2015. Siku ile Google ilianza kupandisha, kwa mtu anayetafuta mu simu, kurasa zinazosomeka vizuri mu simu. Wazungu waliogopa mpaka wakaipa jina la mwisho wa dunia. Kwetu ilikuwa kinyume. Nani huku alikuwa na mashini nyumbani? Sisi tulikuwa tunapanda mlima na simu mkononi, tunatafuta ile pembe ambapo rezo inakamata, mega hamsini mu mfuko. Ukurasa mzito wenye picha kumi ulikuwa unakula mega zote mbele ya kuonyesha kichwa. Mwezi wa saba 2018 wakaongeza kwamba ukurasa unaochelewa sana mu simu utashuka. Mimi nawasifu kwa hiyo. Ni moja ya mara chache ambapo kanuni ya mbali ilifanana na maisha ya mtu wa mlimani.

Mwezi moja baadaye njo ile tarehe ya kwanza ya mwezi wa nane.

Ili kuelewa "Medic" lazima ujue kitabu kimoja. Google inalipa maelfu ya watu duniani wapime majibu yake. Hao hawapandishi wala kushusha ukurasa, wanasema tu kama hesabu mpya inafanya kazi nzuri kuliko ya zamani. Wanafuata kitabu cha maelekezo kinachopita kurasa mia moja, na tangu 2015 kila mtu anaweza kukisoma. Mu kitabu kile kuna aina ya kurasa zinaitwa "pesa yako ao maisha yako": dawa, sheria, mikopo. Kwa hizo mpimaji anapashwa kuuliza: mwandishi ana ujuzi? Ana mamlaka? Anaaminika? Kwa luga yetu: nani aliandika ile?

Kuanzia 2018 zile kurasa zikapimwa kwa ukali. Mwezi wa sita 2019, badiliko lingine kubwa lilipokuja, Joseph Mercola, daktari wa Marekani anayejulikana kwa kupinga chanjo, alilalamika mwenyewe kwamba wageni wake wa kutoka Google wamepungua karibu 99%. Mimi sikumulilia.

Kwa hiyo, ukitazama kwa mbali, wakati Ebola inatuua, mashine ilikuwa inafanya kazi yake vizuri. Ukiuliza, unapewa OMS, haupewi muuza-mizizi. Lakini angalia kilichotokea chini. Mwezi wa tisa 2018 watafiti waliuliza watu 961 wa Beni na Butembo, na robo yao walisema Ebola haiko ya kweli. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, siku tatu tu kati yao. Mwezi wa nne daktari Richard Mouzoko, mu-Cameroun aliyekuwa anafanya kazi na OMS, aliuawa mu hospitali ya chuo ku Butembo. Mpaka ugonjwa kutangazwa umekwisha, tarehe 25/6/2020, watu 3,470 walipatwa na 2,287 walikufa.

Jibu sahihi lilikuwa juu kabisa ya orodha muda wote huo.

Nimefikiri sana juu ya hili jambo. Uongo haukutoka ku orodha ya Google. Ulitoka ku sauti za WhatsApp, ku kilabu, ku siasa. Mwezi wa kumi na mbili 2018 CENI ilisema Beni na Butembo hawatapiga kura na wenzao juu ya Ebola na usalama. Kesho yake ni nani angeamini kwamba ugonjwa si mchezo wa Kinshasa? Kisha tangu tarehe 31/12 intaneti ikakatwa mu inchi nzima, karibu wiki tatu. Hakuna algorithimu inayofanya kazi bila rezo.

Na kuna jambo la pili, la ndani zaidi. Mamlaka ile mashine inayopima, sehemu kubwa ni vidole vya wengine. Geneva inaonyeshwa na magazeti yote ya dunia. Muuguzi wa Katwa aliyejua kila kichochoro, aliyejua mzee gani akisema watu watakubali kunawa, nani alimuonyesha kidole mu intaneti? Hakuna. Hakuandika ukurasa, na angeandika ungelala ku ukurasa wa saba. Heshima yake ilikuwa mu midomo ya watu, na midomo haina viungo vya kubofya.

Mama mukubwa aliamini siku binti wa jirani alirudi kutoka kituo cha matibabu. Alitoka amekonda, na karatasi ya kuonyesha amepona mu mkono. Alikaa ku mlango wao akasimulia: walimpa chakula gani, nani alimwimbia, jirani yake wa kitanda alikufa saa ngapi. Timu ya chanjo ilipokuja mu avenue yetu, mama mukubwa alikuwa wa pili mu mustari. Nilimuuliza kwa nini sasa. "Huyu namujua," akasema. "Na alifika kule."

Sasa musikie. Mwezi wa kumi na mbili 2022 Google iliongeza neno moja mu kile kitabu cha wapimaji. Juu ya ujuzi, mamlaka na uaminifu, wakaweka uzoefu: je, mwandishi mwenyewe alifika kule, alitumia kile kitu, aliishi yale mambo? Nilisoma ile habari nikaweka simu chini. Mama mukubwa alikuwa amewatangulia miaka tatu na zaidi.

Kuhusu luga nisikawie. Mwaka 2009 Google yenyewe iliona Kiswahili kina kurasa chache, ikafanya mashindano kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania waandike makala ku Wikipedia ya Kiswahili. Sisi hatukuwemo. Mwezi wa kumi na mbili 2019 iliingiza mu luga zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo, ile njia ya BERT inayosaidia mashine kuelewa sentensi nzima na si neno moja moja. Nilijaribu siku zile: "Ebola inaambukizaka aje" na "Ebola huambukizwaje". Kwa ya pili nilipata majibu ya BBC na wengine wa Kiswahili sanifu. Kwa ya kwanza, ya kwetu, nilipata machache na ya kubabaisha. Mashine haiwezi kupandisha kisichoandikwa, na Kiswahili chetu tunakiongea tu. Kinande ndo usiseme.

Ya sasa munayajua. Mwezi wa tisa 2023 na mwezi wa tatu 2024 kulikuwa mabadiliko makali, tovuti nyingi ndogo za watu binafsi zikafa, hata zingine nzuri. Mimi naona pale walikata magugu pamoja na maharagi. Tangu mwezi wa tano 2024, kwa kuanzia Marekani, juu ya orodha kunatokea jibu lililotungwa na mashine yenyewe. Mtu anasoma, anafunga simu, hafiki kwako hata kama uko wa kwanza. Nafasi inabaki, mgeni haji.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Nilifungua tovuti yenu jana usiku. Kurasa ishirini na tatu. Nilichukua sentensi moja ya ule ukurasa wa magonjwa ya majani nikaitafuta: iko neno kwa neno mu kitabu cha mafunzo cha watu wengine, na mu tovuti zingine sita. Picha ya kitalu si ya Kasugho, ule udongo mwekundu hivyo haupatikane kwetu. Ukurasa moja tu bado unasimama, na ukitafuta unatokea wa nne. Ni ule mulioandika kwa haraka, na makosa ya tahajia, juu ya miche mia tatu iliyokufa juu mulisahau kuwafunika usiku wa baridi.

Nilimpigia simu.

"Zile zingine nani aliandika?"

"Tulizitoa tu ku intaneti, yaya."

Nikamuuliza kama kuna mtu anayeandika kila siku kinachotokea mu kitalu. Akasema yuko mzee anayemwagilia, ana kaye, anaandika mvua, miche iliyoota, iliyokufa, tangu miaka sita. Anaandika nusu Kinande nusu Kiswahili. Leo asubuhi nimepata picha ya ukurasa wa kwanza wa ile kaye, maandiko ya penseli, na doa la maji mu pembe. Chini yake aliandika kwamba zingine zinakuja jioni, akipanda mlima.